Wakikuja kupima mzee wenu nyumbani, musisafishe sana

Mwezi huu watu watatu wamenipigia simu kwa jambo moja. Wa kwanza yuko Ufaransa na baba yake. Wa pili yuko Ubelgiji na mama mkwe. Wa tatu yuko hapo nyumbani Bukavu, lakini dada yake wa Ulaya anamtumia picha za makaratasi ili amsomee, juu yeye njo alisoma. Wote wameambiwa kwamba mtu atafika nyumbani kuangalia kama mzee anahitaji wa kumsaidia, na wote wanauliza: atauliza nini? Tutayarishe nini? Nimeona heri niandike mara moja kuliko kurudilia maneno yale yale kwenye WhatsApp mpaka saa sita ya usiku.

Nitaongea zaidi juu ya Ufaransa kwa sababu ndiko nilikopitia. Na nitaanza na aibu yangu, kwani mara ya kwanza niliharibu.

Mama mukubwa anakaa na mtoto wake, ambaye mimi namwita yaya, katika aparteman ya gorofa ya pili, nyumba isiyo na asansere, katika mji mdogo. Ana miaka 76. Magoti yamechoka, ana ugonjwa wa sukari, na mkono wa kuume hauinuki vizuri tangu zamani. Yaya anafanya kazi ya kusafisha ofisi usiku. Asubuhi anarudi, anamwogesha mama, anapika, analala kidogo, jioni anaondoka tena. Miaka mitatu hivyo. Siku moja daktari wa mama alimuuliza yaya, "Na wewe, unalala saa ngapi kwa siku?" Yaya akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akalia. Ndipo daktari akamwambia juu ya APA.

APA ni Allocation personnalisée d'autonomie. Ilianzishwa kwa sheria ya 2001 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2002. Anayeilipa ni baraza la depatema. Inahusu mtu mwenye miaka 60 na zaidi, anayekaa Ufaransa kwa kudumu. Mgeni naye anaingia, mradi karatasi zake za kukaa ziko sawa. Hawaanzi kwa kuangalia umaskini wako. Wanaanza kwa kuangalia ni kiasi gani unahitaji mkono wa mtu mwingine. Mapato yanakuja baadaye, kuhesabu sehemu utakayolipa mwenyewe, na mwenye mapato ya chini kabisa halipi kitu. Kwenye kanisa letu kulikuwa na maneno kwamba "ile pesa, mama akifa watawadai nyinyi watoto." Hapana. Msaada ambao wanaweza kuudai kwenye urithi ni mwingine, ule wa kulipia nyumba za wazee. APA hairudishwi na urithi.

Basi dosye ilijazwa, barua ikaja na tarehe. Na hapo njo tulianza ujinga wetu.

Yaya alirudi kazini asubuhi ile hakulala. Alisugua sakafu. Beseni ya mama ya kuogea aliitoa bafuni akaificha chini ya kitanda pamoja na kikopo. Kigoda ambacho mama anakalia kuvaa soksi kilienda kwenye balkoni. Fimbo iliwekwa nyuma ya mlango. Mama mwenyewe tulimvisha kikwembe alichovaa kwenye ndoa ya mjukuu, na kilemba. Mandazi mezani, chai kwenye temosi. Mimi nilifika na shati ya pasi, kama mutu anaenda kutetea mémoire. Nilikuwa mkalimani, na nilikuwa na diploma ya uuguzi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Aliyekuja alikuwa asistanti sosiali, msichana wa umri wetu, na kompyuta ndogo begani. Alikaa karibu saa moja na nusu. Aliuliza, "Mama, unaoga mwenyewe?" Mama mukubwa akajibu, "Ndiyo, mimi mwenyewe njo naoga." Nikatafsiri: ndiyo. "Unavaa mwenyewe?" "Ndiyo." "Unatembea ndani ya nyumba?" "Mungu anasaidia, natembea." Nikatafsiri: natembea. Alipomuuliza kama usiku kuna shida ya kwenda chooni, mama aliniangalia mimi, mtoto mwanaume wa mdogo wake, kisha akaangalia chini, akasema, "Hakuna shida." Nikatafsiri: hakuna shida. Mgeni alikula andazi moja, akashukuru, akaenda.

Barua ilirudi: GIR 5. Maana yake hakuna APA.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ufaransa wanapima kwa chombo kinachoitwa AGGIR. Kinagawa watu katika makundi 6. GIR 1 ni mtu wa kitandani au kwenye kiti, akili imepotea sana, anayehitaji mtu pembeni kila wakati, au aliye katika siku zake za mwisho. GIR 6 ni mtu anayejitegemea. Katikati ni ngazi. Wa GIR 1 mpaka 4 wanapata APA. Wa 5 na 6 hawapati, ingawa wanaweza kuomba msaada mdogo wa kazi za nyumbani kwenye kasha yao ya pensheni. Kwa hiyo kati ya 4 na 5 kuna ukuta, na familia nyingi zinagonga kichwa pale pale tulipogonga sisi.

Wanaangalia mambo 10. Mawili ni ya akili: kama mtu anaongea na kutenda kwa mpangilio, na kama anajua siku, saa na fasi aliyopo. Manane ni ya mwili: kuoga, kuvaa, kula, kwenda haja, kuinuka na kulala na kukaa, kutembea ndani, kutembea nje, na la mwisho ambalo watu wanalisahau: kuweza kuita msaada kwa simu au kengele. Ukianguka saa nane ya usiku, unaita nani, na kwa nini?

Kuna mengine 7: kupika, usafi wa nyumba, kununua vitu, kupanda gari, kushika pesa na makaratasi, kufuata dawa, na mambo ya kujifurahisha. Sikilizeni vizuri hapa. Haya 7 hayahesabiwi kabisa katika kupata namba ya GIR. Yanasaidia kupanga msaada baadaye, basi. Sasa fikiria familia ya kwetu ikiulizwa mzee anasaidiwa nini: "Tunamupikia, tunamununulia vitu, tunamulipia faktira, tunamupeleka kanisa." Dakika 20 nzima tunaongea mambo ambayo hayagusi namba! Na yale ya mwili, yanayogusa namba, tunayapitia haraka kwa sababu ya haya.

Kila jambo linapewa herufi. A, anafanya. C, hafanyi. B, katikati. Lakini A ina masharti manne: afanye bila kusukumwa, afanye lote, afanye kila mara inapohitajika, na afanye vizuri. Likikosekana moja tu, si A tena. Mzee anayeoga vizuri lakini paka umwambie mara tatu, si A. Anayeoga Jumapili tu kwa sababu siku nyingine hana nguvu, si A. Na baadhi ya mambo yanakatwa vipande: kuoga kuna juu na chini, kuvaa kuna juu, katikati na chini. Mama mukubwa alikuwa anaosha uso na mikono. Miguu na mgongo, yaya. Blauzi aliweza polepole. Soksi na viatu, yaya. Mwisho kompyuta inahesabu herufi na kutoa namba.

Kitu kingine ambacho mimi, na diploma yangu, sikukijua: fimbo, miwani, kifaa cha masikio, hata kiti cha magurudumu vinahesabiwa kuwa sehemu ya mtu mwenyewe. Mkono wa mtu mwingine hauhesabiwi hivyo. Swali ni moja: huyu mzee anafanya nini yaya akiwa hayupo? Fimbo ni ya mama, yaya si wa mama. Kuficha fimbo hakukutusaidia na kitu. Kumficha yaya ndiko kulikotuumiza.

Sasa turudi kwenye lile "ndiyo, mimi mwenyewe njo naoga." Mama hakudanganya. Katika kiswahili chetu, ukiniuliza kama naoga mwenyewe, nasikia unaniuliza kama mimi ni mtoto mchanga au marehemu. Bila shaka naoga mwenyewe! Maji yalitoka wapi, nani alibeba beseni, nani alisugua miguu, nani alisimama mlangoni nisiteleze, hayo hujauliza. Na sisi tukiulizwa "uko aje?" jibu linatoka lenyewe: niko muzima, Mungu anasaidia. Ata mutu iko na malaria kichwani anasema niko muzima kidogo. Mkalimani mwenye akili angeuliza: "Mama, jana asubuhi, toka kitandani mpaka ukavaa, ilienda namna gani?" Halafu akae kimya asikilize hadithi nzima. Swali la ndiyo na hapana linaleta ndiyo. Swali la hadithi linaleta ukweli.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi, na nililijua baadaye. Mama mukubwa alipitia kambi ya wakimbizi kabla ya kufika Ulaya. Anajua vizuri sana mtu mwenye begi anayekaa mbele yako, anauliza maswali, anaandika jibu bila kukuangalia. Maswali yale yaliamua kama unapita au unabaki. Katika maswali yale ulipaswa kuwa na jibu moja, fupi, lisilobadilika. Kwa hiyo siku ile alijitayarisha hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, mtu fulani alimtisha kwamba wakimwona dhaifu watampeleka kwenye nyumba ya wazee, yaya atarudi kazini akute kitanda kitupu. Hakutuambia. Alivaa kikwembe chake cha ndoa akajitetea.

Nawaomba muwaambie wazee wenu mapema, kwa lugha yao, zaidi ya mara moja: anayekuja hana mamlaka ya kumhamisha mtu. Si polisi, si wa makaratasi ya ukimbizi. Anapendekeza mpango wa msaada, na mzee ndiye anayesema ndiyo au hapana.

Miezi minne baada ya ile barua, mama alianguka. Kati ya kitanda na choo, usiku. Simu ilikuwa kwenye meza ya saluni inachaji. Yaya alimkuta saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye sakafu, akiwa amevuta kikwembe kutoka kitandani kujifunika. Hakuvunjika. Alilala hospitali siku mbili. Sitaeleza zaidi juu ya asubuhi ile, ila niliposikia, maneno niliyoyakumbuka yalikuwa yangu mwenyewe: "hakuna shida," kwa kifaransa kizuri.

Tuliomba upya. Hali ikibadilika unaruhusiwa, huna haja ya kungoja mwaka. Na safari hii tulifanya vingine.

Kwanza, daftari. Wiki mbili, kila siku, yaya aliandika alichofanya kwa mikono yake na saa yake. Si "nilimtunza mama." Aliandika: saa moja, nimemwinua kitandani, mara ya kwanza imeshindikana. Saa moja na robo, nimeosha mgongo na miguu. Saa moja na nusu, soksi, viatu, vifungo. Saa nne, amekwenda choo, nimemshika kuinuka. Na siku mbaya tuliiandika kama siku nzuri. Hili ni muhimu: mzee siku ya mgeni anapata nguvu za ajabu, zile nguvu za sikukuu. Daftari linaonyesha Jumanne ya kawaida.

Pili, makaratasi: barua ya hospitali, ordonansi za dawa, namba ya daktari. Mpimaji anaweza kuongea na daktari huyo. Tatu, hatukusafisha. Yaani tulifagia, sisi si washenzi, lakini beseni ilibaki bafuni, kigoda fasi yake, fimbo kwenye mkono wa kiti. Kapeti iliyokunjamana ilibaki imekunjamana. Mama alivaa nguo za nyumbani. Hilo lilikuwa vita! "Mgeni aje anikute hivi?" Yaya akamjibu, "Mama, leo mgeni anakuja kuona kazi yangu. Usinifichie kazi yangu." Hapo alikubali.

Nne, mimi niliondoka kwenye kiti cha mkalimani. Jirani mmoja, mama mtu mzima wa kutoka Uvira, alikuja kukaa pale. Wakati wa kuweka tarehe mnaweza pia kuuliza kama ofisi yao ina mkalimani. Ulizeni mapema, si siku yenyewe. Maswali ya choo yalipofika, mimi nilikwenda kwenye balkoni kuangalia magari.

Mpimaji wa safari hii alikuwa muuguzi. Hakukaa mezani muda mrefu. Alisema, "Mama, nionyeshe nyumba yako." Walitembea polepole. Alimwona akishika ukuta, kisha kiti, kisha mlango. Kwenye bafu alimwomba aonyeshe anavyoingia. Mama aliinua mguu, akashika sinki, akasimama hapo, akacheka: "Hapa mimi naogopa." Alifungua friji. Aliangalia kiboksi cha dawa za wiki, akakuta dawa za Jumapili bado zipo na siku ilikuwa Jumatano. Aliuliza leo ni siku gani. Alimwomba avue kandambili na kuvaa kiatu. Aliuliza simu iko wapi wakati wa kulala. Ukimwangalia haraka ungesema ni jirani ametembelea. Lakini kila hatua ilikuwa herufi.

Ndipo likatoka lile ambalo hata yaya hakulijua. Mama jirani alimuuliza kwa sauti ya chini juu ya usiku, na mama mukubwa akaeleza kwamba tangu alipoanguka, ikifika saa kumi ya jioni hanywi tena maji. Kabisa. Ili usiku asiamke. Mtu wa ugonjwa wa sukari, wakati wa joto, anashinda na kiu kwa sababu choo kiko mbali hatua nane na hakuna wa kumshika. Yaya alikuwa amesimama mlangoni. Muuguzi aliacha kuandika.

Mwisho alimgeukia yaya. Tangu sheria ya mwisho wa 2015 wanapaswa kuangalia pia hali ya ndugu anayetunza: analala vipi, anafanya kazi gani, akiugua nani atashika nafasi. Wengi wetu hapo tunasema "mimi hakuna neno, ni mama yangu." Tafadhali. Swali hilo likija, jibuni kwa saa na siku. Yaya alifungua daftari.

Safari hii ilikuwa GIR 4. Pendekezo la mpango lilikuja: msaidizi wa nyumbani asubuhi kwa kuoga na kuvaa, siku sita kwa wiki, kiti cha kuwekwa juu ya benwari, kidude cha mkononi cha kubonyeza akianguka. Mkipata pendekezo mna siku 10 za kukubali au kuomba mabadiliko, kwa hiyo musiiache bahasha kwenye friji. Uamuzi wote unapaswa kutoka ndani ya miezi 2 tangu dosye ilipokamilika. Mkiona wamekosea, mnaandika kwanza kwa prezida wa baraza la depatema, ndani ya miezi 2 baada ya barua. Mahakama inakuja baada ya hapo. Sisi mara ya kwanza tungeweza kuandika. Hatukuandika. Tuliona aibu, tukanyamaza, na miezi minne ikapita.

Jambo la pesa ambalo wengi wananiuliza: ndiyo, kwa APA mzee anaweza kumwajiri ndugu, hata mtoto wake, kwa mkataba wa kazi. Asiyeruhusiwa ni mume, mke, au mtu anayeishi naye kama mume na mke. Yaya alilifikiria akakataa. Alisema anataka kuwa mtoto wa mama, si mfanyakazi wa mama. Mwingine angeamua vingine na sitamlaumu.

Na msidhani msaidizi alipofika mambo yakawa mazuri. Wiki ya kwanza mama mukubwa aliamka saa kumi na moja akajikokota kuoga kabla msaidizi hajafika, ili asimkute mchafu. Karibu aanguke tena. Ilichukua kama mwezi.

Kwa walio fasi nyingine: majina yanabadilika, mambo ya mwili ni yale yale. Ubelgiji wauguzi wa nyumbani wanatumia skeli ya Katz. Sidney Katz alikuwa daktari wa Marekani aliyetoa orodha yake mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda choo, kuinuka na kuhama, kuzuia haja, kula. Mambo sita. Mnaona undugu na yale ya AGGIR. Yale ya kupika, simu, pesa na kununua vitu waliyaongeza Lawton na Brody mwaka 1969. Uingereza, kwa upande wa England, sheria ya 2014 inalazimisha halmashauri kumpima mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji matunzo, bila kuangalia kwanza ana pesa kiasi gani. Marekani kila jimbo lina njia yake. Popote ulipo, swali la chini ni lile lile: bila mkono wa mtu mwingine, anaweza nini?

Na hapo nyumbani je? Najua wengi wenu mnaosoma hii muko Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi, na hakuna depatema itakayogonga mlango wa bibi yako. Nilidhani pia kwamba mambo haya yalikuwa ya Ulaya tu. Halafu usiku mmoja nilichukua yale mambo 10 nikayatuma kwa binamu yangu aliye Kadutu, anayekaa na bibi yetu. Nikamwambia asinipe maoni. Anieleze jana tu, toka asubuhi mpaka usiku.

Alinitumia sauti ya dakika 14. Sisi wa nje, wanne, tulikuwa tunatuma pesa kila mwezi "ya matunzo ya bibi," na kila mtu moyo wake umetulia. Kumbe kula kwa bibi hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa choo. Kwenye orodha ya Ulaya choo ni hatua nane; Kadutu choo kiko nje, chini ya ngazi za udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kila mara bibi anapotaka kushuka kunahitajika mtu. Na huyo mtu alikuwa binti wa binamu, wa miaka 16. Kati ya siku kumi na mbili za masomo alikuwa amefika shuleni tano. Hakuna aliyemkataza kwenda. Hakuna aliyemuuliza pia.

Tukafanya mkutano wa WhatsApp, ule wa kelele mnaoujua. Mjomba alisema tunamletea bibi mambo ya wazungu. Tulibishana. Mwisho pesa ile ile, bila kuongeza hata dola, tuliigawa upya: sehemu ikaenda kwa mama jirani anayekuja asubuhi mpaka binti arudi, na sehemu kwa fundi aliyetengeneza kiti cha mbao chenye tundu na ndoo ya chini, cha kuwekwa chumbani usiku. Na kamba nene kando ya ngazi, ya kushikilia.

Bibi alikikataa kiti siku tatu. Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi binti alinitumia picha ya ndoo akaandika, "Yaya, amekubali." Kisha akaongeza kwamba anakimbia, ana mtihani wa kemia saa mbili.